Sanduku Langu Siku ya Mnyampara

Nilirudi Tabora nikiwa na diploma. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaosimulia habari za siku ile huliruka, wanakwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Diploma ilikuwa ya ualimu, nimeipata Uganda, na upande wetu wote, kuanzia mjini hadi Kaliua, hapakuwa na Mwafrika aliyekuwa nayo kabla yangu. Sikusomeshwa na mjomba wala na chifu. Likizo zote nilikata kuni za gari moshi pale Usoke, nikafua mashuka ya wamisionari, nikawaandikia barua watu wasiojua kuandika, nikafika nilikofika. Mtu akisema najisifu, namwuliza yeye alifua mashuka mangapi.

Siku niliyoshuka kwenye treni ndiyo ilikuwa siku ya kumkumbuka mnyampara. Kwa asiyemjua, nieleze.

Mnyampara ni kiongozi wa wapagazi. Huyu ninayemsema aliongoza wapagazi katika njia ya zamani ya misafara, ile itokayo pwani, inapita Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Reli ilipofika, misafara ya pembe na vitambaa ilikufa, lakini mizigo ya serikali haikufa. Mwingereza alipoichukua nchi, maofisa wake waliendelea kuzunguka vijijini na mahema, vitanda, meza, masanduku ya chupa na bafu la kuogea, na vyote hivyo vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Aliyeshindwa kulipa kodi alikamatwa akabebeshwa. Hata aliyelipa alikamatwa, kama watu walipungua.

Asubuhi moja, katika njia ya Usoke, mpagazi aliyekuwa na homa alilazimishwa kusimama na mzigo wake. Mnyampara akawaambia wenzake watue. Wakatua wote. Mizigo ikabaki barabarani, wenyewe wakaketi kando yake. Hawakukimbia, hawakumtukana mtu. Alidai mambo matatu: mizigo ipimwe kwa mizani, mgonjwa asibebe, na mtu asikamatwe shambani kwake ili akabebe. Alichapwa viboko, akafungwa. Alipotoka akadai yale yale, kwa maneno yale yale, kwa kila ofisa aliyekuja, mpaka alipokufa. Alipokufa, mawili alikuwa ameyapata. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale walioketi kando ya barabara.

Wenzake wakawa wanamkumbuka kila mwaka baada ya mavuno. Hakukuwa na gwaride wala bendera. Kulikuwa na jambo moja tu: siku hiyo, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, hakuna mtu anayebeba mzigo wa mwingine. Kila mtu na wake. Mke wa tajiri anachota maji yake mwenyewe. Mwarabu mwenye duka anavuta gunia lake, na watu wanasimama kumtazama anavyohema. Mchana watu wanakutana uwanjani Chemchem, kila mmoja na kigoda chake na bakuli lake. Anayefika hapo na mzigo uliobebwa na mwingine anakaa chini, nyuma ya wote, na siku hiyo hana neno, haruhusiwi kusema wala kuamua lolote. Aliyembebea anakalishwa mbele, pamoja na wazee.

Wakati naondoka kwenda masomoni jambo hili lilikuwa la wazee kumi na kitu, na sisi vijana tuliliona kama mchezo. Nilipokuwa mbali likakua, likawa la mji mzima, Waislamu na Wakristo. Hilo sikulijua vizuri. Au nililijua kwa barua, na barua haina uzito wa kitu ulichokiona kwa macho.

Barua hiyo ilitoka kwa mwenyekiti wa kamati yao, mzee wa Kiislamu aliyekuwa fundi cherehani karibu na soko. Alinitaka niandike barua ya ombi kwa serikali, nililete siku hiyo, nilisome mbele ya watu, kisha kila mtu atie dole gumba. Hakuna jambo lililonipendeza kama hilo. Nilikaa wiki tatu nikiandika ombi lile. Aya ya kwanza ilisema habari za mnyampara. Ya pili, habari za watu ambao hadi siku hizo walikuwa wakikamatwa kwenda kutengeneza barabara bila hiari yao. Ya tatu, mabehewa ya daraja la tatu, jinsi tunavyosukumwa humo kama mbuzi. Aya ya nne ndiyo iliyokuwa roho ya barua: kwamba Mwafrika mwenye diploma anafanya kazi ile ile ya Mzungu mwenye diploma, katika shule ile ile, kwa mshahara ambao Mzungu asingempa mpishi wake. Nilitaka aya hiyo isikike Tabora, itiwe dole na watu wa Tabora, na jina langu liwe chini yake. Nilikuwa na haki ya kulitaka hilo. Bado naamini nilikuwa nayo.

Nilivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, nikapanda treni. Karani wa tiketi alinitazama, akaitazama suti yangu, akanipa tiketi ya daraja la tatu bila kuniuliza neno. Treni ikachelewa. Tukafika Tabora saa nne na nusu asubuhi, na mkutano ulikuwa saa sita.

Pale stesheni mahamali walikuwa wameketi juu ya mikokoteni yao, mikono mapajani, kama watu waliokuja kupigwa picha. Nikamwita mmoja.

“Habari za kazi?”

“Kazi leo haipo, mwalimu. Karibu nyumbani.”

“Nina sanduku. Nakwenda Chemchem.”

“Hata sisi tunakwenda Chemchem. Tutakutana huko.”

Mwingine akauliza kutoka nyuma, “Ndani kuna nini?”

“Vitabu. Na diploma.”

“Ahaa! Basi diploma ilibebe sanduku na vitabu vyako!”

Wakacheka mpaka mkokoteni ukayumba. Mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kufuma, akaniambia bila kucheka, “Mwanangu, sanduku lina mikono miwili na wewe una miwili. Jitahidi.”

Ningeweza kuliacha stesheni. Lakini diploma nilikuwa nimeitia katika fremu ya kioo kule kule Uganda, na sikuwa tayari kuiacha katika chumba cha mizigo kati ya vikapu vya kuku. Isitoshe nilikusudia kuionyesha mkutanoni. Ningeweza pia kulibeba mwenyewe. Naam. Miaka yote hii sijakutana na mtu wa Tabora ambaye hajanikumbusha kwamba ningeweza kulibeba mwenyewe. Nauliza: baba alibeba masanduku ya watu tangu ujana wake mpaka shingo ikapinda. Mimi nilikesha na vitabu ili niwe mtu wa kwanza katika ukoo asiyeweka sanduku kichwani. Halafu niingie mjini kwangu, siku ya kwanza, mbele ya watu wote, na sanduku kichwani?

Mwisho wa jukwaa la stesheni alikuwa ameketi mtu mgeni, Muha kwa lafudhi yake, mwenye kifurushi kidogo cha nguo. Alikuwa ameshuka kutoka treni ya Kigoma.

“Ndugu, unakwenda wapi?” nikamwuliza.

“Mashamba ya mkonge. Gari letu ni la kesho.”

“Na leo?”

“Leo nangoja.”

“Nisaidie sanduku hili mpaka Chemchem. Chakula kipo.”

Akawatazama mahamali. “Na hawa?”

“Hawa wamepumzika.”

Sikusema uongo. Walikuwa wamepumzika.

Alikiweka kifurushi chake juu ya sanduku, akakunja kitambaa kichwani, akainua. Nyuma yetu mahamali waligeuza vichwa kututazama. Nikampitisha njia za nyuma, penye migomba na mabanda ya kuku, mbali na barabara kubwa. Nilikuwa na mpango wangu. Tuuzunguke uwanja, tuliache sanduku kwa jirani ya baba, huyu mtu nimpeleke akale, kisha niingie mkutanoni kwa miguu yangu, barua mfukoni, kama mtu aliyefika sasa hivi. Bibi mmoja aliyekuwa akitwanga alituona, akanisalimu Kinyamwezi.

“Mwangaluka, mjukuu wangu.”

“Mwangaluka, bibi.”

“Leo ni siku gani huko mtokako?”

“Jumamosi, bibi.”

“Hata hapa ni Jumamosi,” akasema, akaendelea kutwanga.

Tulipokaribia Chemchem niliinama kufuta viatu. Vilikuwa vimejaa vumbi, na mtu hawezi kuwasomea watu barua kwa viatu vya namna ile. Sikuinama muda mrefu. Nilipoinua kichwa mpagazi wangu hayupo. Nilikuwa nimemwambia Chemchem kuna chakula, naye alikuwa amesikia harufu ya nyama ya mbuzi, akaifuata kwa ule mwendo wao wa haraka, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, sanduku halitikisiki. Nikamwona kwa mbali anakata kona. Nikakimbia.

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Mamia ya watu wameketi juu ya vigoda. Katikati yao Muha na sanduku langu la bati lenye jina langu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na neno “MWALIMU” chini yake. Na mimi nyuma, natweta, tai imerukia begani.

Mwenyekiti, yule fundi cherehani, alisimama. Hakunitazama mimi.

“Mzigo wa nani?”

“Wa bwana huyu,” akasema Muha.

“Utue, ndugu yangu. Umefika.”

Akatua. Kulikuwa na kiti kimoja mbele, cha mbao, chenye mgongo, kati ya vigoda vya wazee. Kiti kile nilikuwa nimewekewa mimi. Wakamkalisha Muha. Baba alikuwa kigoda cha pili kutoka hapo, katika koti lake jeusi la kanisani. Hakugeuza shingo.

“Shikamooni, wazee wangu,” nikasema.

“Marahaba, marahaba,” wakaitikia wote, kwa upole kabisa. Na mwenyekiti akaongeza, “Karibu nyumbani, mwalimu. Kaa chini.”

“Mzee, nimekuja na ile barua.”

“Tunajua. Kaa chini kule nyuma.”

“Naomba nieleze jambo moja.”

“Eleza, kabla hujakaa. Ukishakaa huna neno.”

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kama nilivyofundishwa kueleza. Nilisema mnyampara alipinga kubebeshwa kwa nguvu. Mimi sikumbebesha mtu kwa nguvu. Nilimwomba mtu huru, akakubali kwa hiari. Kama kuomba na kukubali ni kosa, basi hata mnyampara mwenyewe, aliyepanga watu kwa mkataba katika misafara ya wafanyabiashara, alikuwa na kosa. Niliona watu wawili watatu wanatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nashinda.

Mwenyekiti akamgeukia Muha. “Ndugu, ulijua leo ni siku gani hapa kwetu?”

“Sikujua, mzee.”

“Aliyekuita alikuambia?”

“Nilimwuliza kuhusu wale wenye mikokoteni. Akasema wamepumzika.”

Kicheko kilianzia kwa mahamali, ambao sasa walikuwa wamefika na vigoda vyao, kikapita kwa wanawake, kikafika kwa wazee. Si kicheko cha mara moja. Kilikuwa kinazimika mahali kinawaka mahali pengine. Mtu mmoja alikuwa akirudia, “Wamepumzika! Wallahi, wamepumzika!” huku akijifuta machozi. Nikaenda nyuma nikakaa mavumbini, na suti nyeupe ya kitambaa cha kaki niliyoipiga pasi Mwanza.

Tafadhali nieleweke. Vumbi halikuniuma sana. Kilichoniuma ni barua. Waliichukua kutoka mkononi mwangu wakampa karani mmoja wa stoo, aliyeishia darasa la sita, kwa sababu yeye alikuja na kigoda chake mwenyewe. Akaanza kusoma. Mungu wangu. Mahali nilipoweka kituo yeye alipita mbio, mahali pasipo na kituo akasimama kuvuta pumzi. Sentensi niliyoifikiria siku mbili aliikata katikati kama muwa. “Serikali tukufu haiwezi kudai” yeye alisoma “serikali tukufu inaweza kudai,” na watu wakanung’unika. Nikainua mkono kusahihisha. Kijana aliyekaa mbele yangu akageuka.

“Mwalimu, huna neno.”

“Anaharibu maana!”

“Hilo nalo ni neno.”

Mzee mmoja mbele akamwambia karani airudie sentensi ile, kwa kuwa serikali haiwezi kuwa tukufu na bado ikadai hivyo. Akairudia, safari hii sawasawa. Watu wakapiga makofi. Maneno yalikuwa yangu. Makofi akayapokea yeye, akiinama kulia na kushoto.

Aya ya pili ilipita. Ya tatu, ya mabehewa, ilipita kwa vigelegele. Akafika ya nne. Akaisoma yote, polepole, na naapa hakukosea hata neno moja. Ilikuwa nzuri. Hata mavumbini niliona ilivyokuwa nzuri.

Mzee mmoja, mpagazi wa zamani mwenye jicho moja jeupe, akainua fimbo.

“Hao wenye diploma hapa kwetu ni wangapi?”

“Ni mmoja,” akasema karani.

“Yuko wapi?”

“Yuko kule nyuma. Chini.”

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Mzee akashusha fimbo. “Neno lake ni la haki,” akasema. “Mtu alipwe kazi yake. Lakini mwenye neno leo hana neno. Tuliweke hadi mwakani, aje alisimamie mwenyewe.”

“Tuliweke,” wakasema.

Wakaiweka. Karani akachukua kalamu ya mwenyekiti, akapiga mstari aya yangu ya nne, mstari mmoja mnene tangu kona hadi kona, na juu yake kwa mwandiko wake wa kupinda akaandika ombi kwamba mizigo ya mahamali wa stesheni ipimwe kwa mizani, kwa kuwa lile la mizani halikuwa limefika stesheni. Nilimtazama baba. Dai la mizani lilikuwa la mnyampara. Baba alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika, taratibu, na shingo yake iliyopinda.

Kisha ikaletwa wino. Mwalimu wa kanisa akaomba, shehe akaomba dua, watu wakapanga mstari. Wote walitia dole. Mahamali, wanawake, Mwarabu wa duka. Hata Muha, ambaye kesho yake alikuwa anakwenda mkonge na huenda hakurudi tena Tabora, aliulizwa kama anakubali maneno yaliyosomwa, akasema anakubali, hasa yale ya mabehewa, akatia dole. Nilipofika mbele ya meza mwenyekiti alikifunika kidau cha wino.

“Mzee, nimeiandika mimi!”

“Tunajua, mwanangu. Imeandikwa vizuri sana.”

“Basi jina langu tu. Sina haja ya dole, najua kutia sahihi.”

“Mwakani,” akasema. “Leo nenda ukale, nyama inapoa.”

Mwakani niliyoambiwa haikufika. Serikali ilinipanga kufundisha kusini kabisa, na siku ya mnyampara iliponikuta huko nilikuwa darasani nafundisha hesabu. Barua ilipelekwa na madole yote, haina jina langu, wala hakuna ofisa aliyewahi kujua ni nani aliyeipanga hoja kwa namna ile. Aya ya nne haikusomwa tena. Miaka kadhaa baadaye mishahara yetu ilisogea kidogo, kwa sababu nyingine, na waliosifiwa ni wengine.

Lakini nilikuwa nazungumzia siku ile. Watu walipoanza kutawanyika, sanduku langu lilikuwa bado katikati ya uwanja, peke yake. Muha aliniaga kwa mikono miwili, akanishukuru kwa chakula. Hakuna aliyelisogelea sanduku, wala hakuna aliyenicheka tena. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, kwamba walikuwa wamekwisha kunisamehe na mimi sijamsamehe hata mmoja. Nikavua koti, nikalikunja, nikaliweka kichwani, nikainua. Vitabu ni vizito. Baba akaja kando yangu na kigoda chake mkononi. Nyumbani kulikuwa mwendo wa robo saa.

Tukafika kwenye kisima.

“Umeandika vizuri,” akasema.

“Umejuaje, baba? Yule karani ameivuruga.”

“Hata ilivyovurugwa.”

“Na ile waliyoipiga mstari?”

“Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.”

“Mbona hukusema? Wewe uliketi na mnyampara barabarani. Neno lako wangelisikia.”

Akatembea hatua kadhaa. “Ningesema nini? Kwamba mwanangu asikae chini kwa sababu ni mwanangu?”

Shingo ilikuwa inawaka. Nikatua, nikapumzika, nikainua tena, nikaenda hatua labda mia, nikatua tena. Kona ya sanduku ilikuwa imenichana juu ya sikio. Kila nilipotua baba alisimama, akaweka kigoda chini, akaketi kunisubiri, akawa ananifundisha: kitambaa kikunjwe mviringo, usitazame miguu, usikaze meno. Nyumba sasa ilionekana. Nikamwambia, kwa hasira ambayo hata sasa nikiikumbuka napata joto, “Baba, shika upande mmoja tu. Tumefika. Hakuna anayetuona.”

Akainua macho, akalitafuta jua juu ya mapaa ya Chemchem.

“Bado,” akasema, akachukua kigoda chake, akatangulia kwenda kunifungulia mlango.